Karagwe na Kyerwa: Chipukizi salama ni msingi wa kibanja kipya cha migomba

Ugonjwa wa mnyauko bakteria wa migomba, maarufu mkoani Kagera kwa jina la unyanjano, hauna dawa, na huweza kuingia katika kibanja kipya ndani ya chipukizi linaloonekana zima. Kwa sababu hiyo, mkulima wa Karagwe au Kyerwa anayeanzisha migomba karibu na nyumba hana budi kukikagua kwanza kibanja atakachochukulia mbegu, hata kiwe cha ndugu. Majani yanayonyauka na kugeuka manjano, ndizi zinazoiva kabla ya wakati, au utomvu wa manjano shina linapokatwa ni dalili za kutosha kukataa mbegu hiyo.

Shimo la sentimita 60 kila upande huchimbwa mapema, likachanganywa samadi iliyooza, mita tatu kutoka shimo hadi shimo, ili mvua za vuli au masika zikute kazi imekamilika. Chipukizi lifaalo ni lile lenye majani membamba mfano wa upanga. Kulimenya na kulichovya katika maji ya moto hupunguza fukusi na minyoo ya mizizi, lakini hiyo si kinga ya unyanjano.

Mikungu ikishatoa vichane vyote, ua linaloning'inia chini yake huvunjwa kwa kijiti chenye panda, wala si kwa kisu, kwa kuwa kisu hubeba vimelea kutoka mgomba mmoja hadi mwingine. Panga lililokata mgomba mgonjwa hupitishwa kwenye moto kabla ya kugusa mwingine.