Kheri Kwanza, Faida Baadaye: Waasisi wa Biashara na Majirani Zao wa Uzaramo

Kila mwaka, wakati wa Diwali, sisi wenye maduka na viwanda hufungua madaftari mapya ya hesabu. Daftari lenye jalada jekundu huwekwa mbele ya Ganesh, Lakshmi na Saraswati, na kabla ya kuandikwa tarakimu yoyote huandikwa maneno mawili: shubh na labh, yaani kheri na faida. Babu yangu, aliyekuwa na duka Mlandizi kando ya Barabara ya Morogoro, alinifundisha kuyaandika nikiwa na umri wa miaka saba, akanionya nisiyageuze mpangilio wake. Kheri hutangulia, faida hufuata.

Kamati ya maadhimisho iliponiomba niandike habari za waasisi wa makampuni yaliyojenga nchi hii, nilikumbuka onyo hilo. Habari za faida zao zimekwisha kuelezwa na wengi, nasi huzisimulia kwa fahari harusini na misibani. Mimi nimependa kuuliza swali jingine: biashara ilipokwisha, au ilipoondoka mikononi mwa mwenyewe, ni nini kilichobaki kwa jirani?

Historia hii inaanzia ardhini, na ardhi yenyewe ni ya Kisarawe na vijiji vinavyoizunguka. Zamani misitu ya msandarusi ilifunika sehemu kubwa ya Uzaramo. Utomvu wa miti iliyokufa kale uligandia udongoni, ukawa mgumu kama jiwe na mwangavu kama kioo. Hiyo ndiyo sandarusi. Wazaramo waliichimba kwa majembe katika mashimo mafupi, wakaibeba hadi pwani na kuiuza. Ile changa, ambayo haijakomaa ardhini, iliitwa chakazi, na bei yake ilikuwa ndogo. Katikati ya karne ya 19 sandarusi ilivushwa hadi Unguja, na huko wafanyabiashara wa Kimarekani kutoka mji wa Salem waliinunua ili itengenezwe vanishi ya kung'arisha samani na magari ya farasi. Wao walileta kitambaa cha pamba kutoka viwanda vyao, na mpaka leo wazee wetu hukiita marekani. Kwa hiyo meza iliyong'aa katika nyumba ya tajiri ng'ambo ya bahari huenda iling'arishwa kwa jasho la mtu wa Kisarawe.

Kati ya mchimbaji na meli ya Salem alisimama mfanyabiashara wa Kihindi, na mkubwa wao alikuwa Jairam Shivji. Alikuwa Mhindu wa jamaa ya Bhatia, na asili ya nyumba yake ni Mundra katika nchi ya Kutch. Nyumba hiyo ya biashara ilikodi forodha ya Sultani: ilimlipa Sultani kiasi kilichokubaliwa kila mwaka, kisha ikakusanya ushuru yenyewe katika bandari za Unguja na za mrima. Chini ya mkataba wa mwaka 1833 kati ya Sultani na Marekani, bidhaa za Wamarekani zilizoingia zilitozwa asilimia 5. Jairam aliwakopesha Waarabu wa misafara, aliwakopesha Wamarekani, na Sultani mwenyewe alikuwa mdeni wake. Alifariki mwaka 1866. Wakala wake mashuhuri, Ladha Damji, ndiye ambaye wasafiri wengi wa Ulaya waliokwenda bara walilazimika kuonana naye Unguja. Mwaka 1876 forodha ilikabidhiwa kwa Taria Topan.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kupiga makofi. Lakini daftari la kweli lina kurasa mbili. Forodha iliyotoza ushuru wa sandarusi na pembe za ndovu ilitoza pia ushuru wa watumwa. Wahindi wengi wa Unguja, Wahindu kwa Waislamu, walimiliki watumwa, hata mwaka 1860 Konseli wa Uingereza, Rigby, alipowalazimisha wale waliokuwa raia wa Uingereza kuwaachia huru. Sisi tunaokuja hekaluni na kuwataja wazee wetu kwa heshima hatuna ruhusa ya kuuruka ukurasa huo. Yule aliyeuzwa naye alikuwa mtoto wa mtu, na huenda kijiji chake kilikuwa karibu na hapa tulipo. Hapo labh ilitangulia, na shubh haikuandikwa kabisa.

Kutoka Unguja njia inatupeleka Bagamoyo, mlango wa misafara ya bara. Huko alikuwapo Sewa Haji Paroo, aliyezaliwa mwaka 1851, Mwismailia mwenye asili ya Kutch. Kazi yake ilikuwa kuandaa misafara: vitambaa, shanga, waya, vyakula na wapagazi. Alipata mali nyingi kwa migongo ya wapagazi hao, nalo lisisahauliwe. Hata hivyo alipokaribia mwisho wa maisha yake alitoa jengo la ghorofa liwe shule huko Bagamoyo, kwa sharti kwamba watoto wa rangi zote wasome humo. Alitoa pia fedha za kujenga hospitali Dar es Salaam. Alifariki mwaka 1897. Hospitali ile ndiyo chimbuko la Muhimbili ya leo.

Ndugu msomaji, ukienda kumtazama mgonjwa Muhimbili utaelekezwa wodi ya Sewahaji, na si mbali nayo iko wodi ya Kibasila. Kibasila alikuwa kiongozi wa Wazaramo aliyepinga kilimo cha lazima cha pamba cha Wajerumani siku za Maji Maji. Nimewahi kutembea kutoka wodi moja hadi nyingine nikiwa na chakula cha mgonjwa mkononi, nikawaza kwamba mfanyabiashara wa Kutch na jumbe wa Uzaramo wamekuwa majirani hospitalini, na wagonjwa wanaolala humo hawaulizwi kabila wala dini. Katika mali yote ya Sewa Haji, hicho ndicho ninachokiona kwa macho yangu.

Aliyejifunza kazi kwake ni Allidina Visram. Alizaliwa Kera, Kutch, mwaka 1851, akavuka bahari akiwa na miaka 12. Baada ya Sewa Haji kufariki, Allidina aliendeleza biashara ya misafara, akafungua maduka Tabora, Ujiji na kuendelea hadi Uganda, kisha akafuata reli ya Mombasa. Ubunifu wake haukuwa wa ajabu. Kijana aliyewasili kwa jahazi bila mtaji alipewa bidhaa kwa mkopo, akapelekwa mahali pasipo na duka, akauza chumvi, nguo na mafuta ya taa, na akanunua mazao ya wakulima. Deni lilirudi kwa mazao. Hakukuwa na benki wala hati. Dhamana ilikuwa jina la mtu. Allidina alifariki mwaka 1916, na haikupita miaka mingi kampuni yake nayo ikazimika. Shule yenye jina lake Mombasa bado inafundisha.

Duka la babu yangu lilikuwa mjukuu wa mpango huo. Alikopeshwa bidhaa na tajiri wa Dar es Salaam, naye akawakopesha wakulima wa korosho, mpunga na mihogo wa Mlandizi na Ruvu hadi msimu wa mavuno. Alipima kwa pishi na kibaba. Daftari lake la madeni liliandikwa kwa Kigujarati, lakini kila mkopaji alilijua deni lake kwa kichwa.

Mwaka 1976, katika Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi vijijini yalifungwa ili maduka ya vijiji yachukue nafasi. Duka letu lilikuwa miongoni mwa hayo. Wapo waliofurahi, na si wote waliofurahi bila sababu, kwa maana wapo wenzetu waliochezea mizani, na mkulima hasahau mizani. Jioni ya tatu tukiwa tunafunga mizigo, alifika bibi mmoja jirani akiwa na fedha zimefungwa katika pindo la khanga. Akamwambia babu, "Mzee, duka wamefunga, lakini deni la marehemu nalijua." Babu akafungua daftari, akamwonyesha kwamba alikwisha lipiga mstari siku ya msiba wa mumewe. Bibi yule hakujua kusoma. Akasema, "Huo ni mstari wako, mimi wangu sijaupiga." Akaziweka fedha juu ya meza, akaenda zake. Nilikuwa kijana wa sekondari, nami nilielewa siku hiyo kwamba dhamana ya duka letu miaka yote haikuwa jina la babu peke yake.

Jambo la namna hiyo, kwa kiwango kikubwa zaidi, lilimfika Jayantilal Keshavji Chande. Alizaliwa Mombasa mwaka 1928 na kukulia Bukene, mji mdogo wa reli kaskazini ya Tabora, ambako baba yake na ndugu zake walijenga biashara ya mazao na usagishaji. Kampuni yao ya Chande Industries ikawa miongoni mwa wasagishaji wakubwa wa nafaka nchini. Azimio la Arusha lilitangazwa tarehe 5 Februari 1967, na mwezi huo huo vinu vyao vikataifishwa. Mwalimu Nyerere alimwomba abaki kuongoza shirika la usagishaji la taifa lililoundwa kutokana na vinu hivyo na vya wengine. Wakati wenzake wengi waliondoka kwenda Uingereza na Kanada, na siwalaumu, Chande alikubali. Alisaga unga wa taifa katika vinu ambavyo jana vilikuwa vyake. Baadaye alitumikia bodi za mashirika mengi ya umma na kuilea Shule ya Sekondari ya Shaaban Robert kwa miaka mingi. Alifariki mwaka 2017. Wapo wanaosema alipoteza kampuni. Mimi husema alinyang'anywa labh akabaki na shubh, na kwa hiyo hakuanza upya na ukurasa mtupu.

Leo Kibaha si ile ya utoto wangu. Pale TAMCO, palipokuwa pakiunganishwa malori ya Scania, viwanda vimerudi. Bandari kavu iko Kwala, reli mpya inapita Soga na Ruvu, na bei ya kiwanja hupanda kila mwezi. Vijana wetu na vijana wa majirani zetu wanaandikisha makampuni kwa simu kabla ya chai ya asubuhi kupoa. Nawaombea wafanikiwe kuliko Allidina. Lakini wakumbuke kwamba kati ya nyumba zote nilizozitaja, zilizokopesha hata masultani, hakuna hata moja ambayo jirani wa Kisarawe huiona leo kwa sababu ya faida yake. Anachokiona ni shule, wodi, na kumbukumbu ya mizani iliyokuwa ya haki au isiyokuwa ya haki.

Nina ombi moja kwa kamati. Katika kitabu hiki tumeyachapa majina ya wafadhili wetu, kila mmoja na mchango wake, na ni sawa. Mwakani tuwatembelee wazee wa Kisarawe, Maneromango, Mlandizi na Ruvu, tuandike majina ya waliochimba, waliobeba, waliolima na waliolipa madeni ambayo sisi tulikwisha yafuta. Ukurasa wa kwanza naomba liandikwe jina la bibi yule. Wajukuu zake bado wako Mlandizi, nami najua nyumba yao.