Saini ya Thabeet

Baba mdogo huiweka kadi yake ndani ya kitabu cha nyimbo za kanisani, mahali ambapo watu wengine huweka picha za marehemu. Ni kipande cha karatasi ngumu, kimezidi kidogo ukubwa wa kadi ya benki. Mbele yuko kijana mrefu mwenye jezi ya Memphis Grizzlies, ameshika mpira wa kikapu kama mtu aliyeshika chungwa. Juu ya picha imepita kalamu ya wino mzito: H kubwa, mstari unaopanda na kushuka, kisha T. Anasema ni saini ya Hasheem Thabeet mwenyewe. Alipewa na mgeni wa Connecticut waliposhuka pamoja kwa njia ya Marangu mwaka 2011. Mgeni alitoa tipu yake kama kawaida, halafu akafungua pochi, akatoa na kadi: huyu ni kijana wenu, ikae kwenu.

Krismasi iliyopita nilipanda Marangu kama Wachaga wote tunaoishi mbali. Baada ya shikamoo na marahaba, mbege ikiwa bado nusu kwenye kata, aliitoa kadi na kuiweka gotini pangu.

"Wewe unayeshinda kwenye simu, nitazamie. Hii ni shilingi ngapi?"

Hakuwa anauliza kwa udadisi. Mtoto wake wa mwisho alikuwa anakwenda chuo, na kijana mmoja wa pale getini alikuwa amemwambia kwamba huko Marekani kadi zenye saini zinauzwa kwa mamilioni.

Kijana yule hakudanganya. Tarehe 25 Juni 2009, timu za NBA zilipochagua wachezaji wapya, Thabeet, mtoto wa Dar es Salaam mwenye urefu wa mita 2.21, alichaguliwa wa pili. Hakuna Mtanzania aliyekuwa amefika huko kabla yake. James Harden alifuata nyuma yake, wa tatu. Stephen Curry alisubiri hadi nafasi ya saba. Msimu huohuo kampuni ya Panini ilianza kutengeneza kadi za NBA, na wachezaji wale wapya wakaandika saini zao kwa ajili ya kadi hizo, Thabeet akiwamo. Kati ya kadi za Curry kulikuwa na moja tu ya aina yake, yenye saini pamoja na kipande cha nembo kilichokatwa kwenye jezi. Mwaka 2021 zaidi kidogo ya nusu ya hisa zake ilinunuliwa kwa bei iliyoifanya kadi nzima kuwa na thamani ya dola milioni 5.9.

Nilimsomea baba mdogo habari hiyo. Akatikisa kichwa, akauliza: "Na yetu?"

Yetu ilikuwa na historia nyingine. Februari 2010, kabla ya msimu wake wa kwanza kwisha, Thabeet alipelekwa kucheza ligi ndogo. Hadi wakati huo hakuna aliyekuwa amechaguliwa juu kiasi kile halafu akashushwa huko. Baadaye akapita Houston, Portland na Oklahoma City. Mimi nakumbuka tulivyojisikia Moshi, sisi tuliokuwa tunacheza kikapu kwenye sakafu zenye nyufa: aibu ambayo haikuwa yetu, na hasira kwa kila aliyemcheka. Soko halina hisia hizo. Nilipotafuta mtandaoni, kadi yake iliyosainiwa na kuthibitishwa ilikuwa inauzwa kwa bei ya kuku wa kienyeji wawili.

Na hapo ni ile iliyothibitishwa. Ya baba mdogo ilisainiwa mkononi mahali fulani, bila muhuri wala cheti, na neno la mgeni ndilo ushahidi wake pekee.

Ilinibidi nimweleze biashara hii ilikotoka. Kadi za wanamichezo zilianza kama vikaratasi vya kuimarisha pakiti za sigara; kampuni ya Allen & Ginter ya Marekani ilitoa za mabingwa mwaka 1887, mwaka uleule Hans Meyer alipojaribu Kibo kwa mara ya kwanza akashindwa. Baadaye zikahamia kwenye bigijii, kama picha tulizogombea shuleni. Saini haikuwa na bei: mtoto alisubiri nje ya uwanja na kalamu, basi. Mwaka 1990 kampuni ya Upper Deck ilificha ndani ya pakiti kadi 2,500 zilizosainiwa na Reggie Jackson, mchezaji wa besiboli, na tangu hapo saini ikawa bidhaa ya kiwandani. Wachezaji wakaanza kulipwa kwa kila jina waliloandika, na mtoto wa nje ya uwanja akaonekana kama mtu anayeomba fedha.

Wadanganyifu walifuata. Makachero wa FBI walipowakamata waghushi wa California walikuta hata mipira ya besiboli yenye saini ya Mama Teresa. Kwa hiyo ikazaliwa kazi ya tatu, ya mtu anayelipwa kusema kwamba saini hii ni ya kweli. Kampuni ya PSA, iliyoanzishwa 1991 kwa kupima ubora wa kadi, iliongeza upimaji wa saini mwaka 1998. Wakati wa korona watu waliofungiwa ndani walifukua makabati yao, na kadi zikamiminika kwa wingi mno hata PSA, Machi 2021, ikasimamisha huduma zake za bei nafuu. Nilipiga hesabu ya kadi yetu: ada ya mthibitishaji peke yake inazidi bei ya kuku wale wawili, bado nauli ya kifurushi kwenda na kurudi. Kuijua kweli kungegharimu kuliko kweli yenyewe.

Baba mdogo alinyamaza kidogo, halafu akamtaja Kinyala.

Mwaka 1989, ilipotimia miaka 100 tangu Meyer na Ludwig Purtscheller wafike kileleni, walitafutwa wenyeji waliowasindikiza. Akatajwa Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu, mzee aliyeongoza wageni kwa zaidi ya miaka 70 na aliyesemekana kuwa na miaka 118. Akapewa nyumba ya kisasa, akafariki mwaka 1996. Lakini kitabu cha Meyer hakimtaji. Kinamtaja Mwini Amani wa Pangani, aliyebaki akilinda kambi ya juu. Basi wapo wanaosema Lauwo alikuwapo na wapo wanaotilia shaka, na mzee hakuwa na karatasi ya kuwaonyesha. "Mimi nilimsalimia kwa mkono huu," alisema baba mdogo. "Nani angempimia?"

Meyer yeye alikuwa na ushahidi. Alishuka na jiwe la kileleni, nusu akampa Kaisari Wilhelm II, likawekwa kwenye ukuta wa jumba la Neues Palais, Potsdam. Miaka ya 1980 wataalamu walilipima lililokuwa pale wakakuta si la Kibo. Nusu nyingine ilibaki kwenye ukoo wa Meyer mpaka ikafika dukani kwa muuza vitu vya kale huko Austria, kwa bei ya makumi elfu ya euro. Baadaye kundi la wasanii liitwalo PARA lilikata sentimita chache za ncha ya Zugspitze, mlima mrefu kuliko yote ya Ujerumani, kama dhamana ya kudai jiwe letu. Baba mdogo alicheka hadi akakohoa. Akataka nirudie pale pa kukata mlima.

Saini yake yeye imezagaa duniani. Kila mgeni anayefika Uhuru hushuka na cheti, na kwenye cheti pana mahali pa mwongozaji kuandika jina na saini. Mgeni wa nje hulipa hifadhi dola 70 kwa siku, juu yake kodi ya asilimia 18, mabanda ya kulala na ada ya uokoaji. Saini ya mtu aliyemshika mkono kutoka Gillman's Point haimo kwenye hesabu hiyo. Nilimuuliza ameandika vyeti vingapi. Hakuwahi kuhesabu. Alikumbuka tu kwamba miaka ya mwanzo alikuwa akiandika jina zima, herufi moja moja, siku hizi anaikata katikati kwa sababu vidole vinamuuma kwa baridi.

"Hawa nao wameziweka ukutani," alisema, "na hakuna aliyeniandikia kuuliza kama ni mimi."

Kuhusu ada ya chuo tulikubaliana tutachanga, kama ukoo unavyochanga. Kadi aliirudisha kwenye kitabu cha nyimbo. Kesho yake alfajiri alikuwa na wageni sita wa kupandisha Mandara, na alipokuwa anafunga kamba za viatu aliniomba kalamu. Yake ilikuwa imekauka wino.