Iman: Msomi wa Nairobi aliyeuzwa kama msichana wa porini

MWAKA 1975, mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Nairobi alisimamishwa barabarani jijini humo na mpiga picha kutoka Marekani, Peter Beard, aliyeomba kumpiga picha. Binti huyo hakukubali bure. Kwa mujibu wa simulizi yake mwenyewe, alimtaka mgeni huyo alipe karo yake ya chuo, dola 8,000 za Marekani. Beard alikubali.

Msichana huyo ni Iman, ambaye baadaye alikuja kuwa miongoni mwa wanamitindo mashuhuri zaidi duniani na kuigiza katika filamu za Hollywood.

Iman alizaliwa Mogadishu, Somalia, Julai 25, 1955. Baba yake alikuwa mwanadiplomasia aliyewahi kuwa balozi nchini Saudi Arabia, na mama yake daktari wa magonjwa ya wanawake. Alipata sehemu ya masomo yake nchini Misri. Baada ya Jenerali Siad Barre kutwaa mamlaka mwaka 1969, hali ya siasa ilizidi kuwa ngumu na hatimaye familia hiyo ikakimbilia Kenya. Akiwa Nairobi, Iman alisomea sayansi ya siasa. Alizungumza lugha tano: Kisomali, Kiarabu, Kiitaliano, Kifaransa na Kiingereza.

Hata hivyo, alipowasili New York mwishoni mwa mwaka 1975, waandishi wa habari walikuwa wamekwisha kusimuliwa hadithi nyingine kabisa. Beard aliwaeleza kwamba alimkuta akichunga mifugo porini, na kwamba hakujua hata neno moja la Kiingereza. Magazeti yaliichapisha hadithi hiyo, nayo ikawa biashara. Iman amekiri katika mahojiano ya miaka ya baadaye kwamba mwanzoni aliridhia uongo huo, kabla ya kuukanusha hadharani.

Kuchunga mifugo si jambo la aibu. Kwa Waorma wa eneo la Garsen na vijiji jirani na Golbanti, katika Kaunti ya Tana River, ng'ombe ni mali, heshima na urithi. Kosa lilikuwa kudhani kwamba mwanamke wa Kiafrika hawezi kupendeza machoni pa dunia mpaka aokotwe kichakani, huku elimu yake na ya wazazi wake ikifichwa.

Mwaka 1976, picha zake zilitokea katika jarida la Vogue. Lakini mlango huo ulikuwa mwembamba. Ni miaka miwili tu iliyokuwa imepita tangu Beverly Johnson, Agosti 1974, kuwa mwanamke mweusi wa kwanza kupamba jalada la toleo la Marekani la jarida hilo, na vyombo vya habari viliwalinganisha wawili hao kana kwamba nafasi ilikuwa moja pekee.

Kulikuwa na tatizo jingine. Katika kazi zake za mwanzo, wapambaji hawakuwa na vipodozi vinavyolingana na rangi ya ngozi yake, na vile walivyompaka vilimfanya aonekane wa kijivu. Ikambidi achanganye vyake mwenyewe na kuvibeba kila aendako. Ujuzi huo ndio uliozaa kampuni ya vipodozi, Iman Cosmetics, aliyoianzisha mwaka 1994 kwa ajili ya wanawake wenye ngozi za rangi mbalimbali.

Katika uanamitindo alifanya kazi na wabunifu kama Yves Saint Laurent, Halston na Calvin Klein. Katika filamu alionekana kwenye The Human Factor (1979), yake Otto Preminger, kisha Out of Africa (1985), iliyopigwa nchini Kenya na kunyakua tuzo saba za Oscar. Alistaafu uanamitindo mwaka 1989, na mwaka 1992 akaolewa na mwanamuziki Mwingereza David Bowie, aliyefariki mwaka 2016. Beard alifariki mwaka 2020.