Kwikwi: Kutoka Uzi wa Bibi Hadi Kidonge cha "Vichaa"

Ukikulia Tanga, kwikwi ikikushika dawa yake haitoki famasi. Bibi ananyofoa uzi kwenye leso, anaulowesha kwa mate, anaubandika kwenye paji la uso la mtoto. Mkubwa anaambiwa anywe maji mafundo saba bila kupumua.

Cheka, lakini hiyo ya pili sio ya uswahilini tu. Plato wa Ugiriki, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, aliandika kuhusu karamu ambapo mchekeshaji alishikwa na kwikwi na daktari akamwambia: bana pumzi, ikigoma sukutua maji, ikigoma tekenya pua upige chafya. Jamaa akapona kwa chafya! Ukibana pumzi, kabonidayoksaidi inapanda kwenye damu na kile kiwambo chini ya mapafu kinaacha kurukaruka.

Kasheshe ni ile isiyokata. Charles Osborne wa Iowa, Marekani, ilimshika 1922 akihangaika na nguruwe, ikamwachia 1990. Miaka 68! Mwaka 1988 daktari mmoja Mmarekani aliandika kuwa ameikata ya mgonjwa wake kwa kidole sehemu za nyuma (ndio, hukohuko), na 2006 akapewa tuzo ya Ig Nobel, ile ya utafiti wa kuchekesha.

Dawa iliyoshika chati ni klopromazini, iliyotengenezwa Ufaransa Desemba 1950. Mwaka 1952 madaktari wa Paris wakaanza kuwapa wagonjwa wa akili, baadaye ikaonekana inatuliza na kwikwi.

Sasa ilete mkoa wa Tanga. Kule Usambara, Korogwe, iko Lutindi, hospitali ya wagonjwa wa akili iliyoanzishwa na wamisionari wa Kijerumani, na mwanzo wake ilikuwa makao ya watoto waliokombolewa utumwani. Mtu wa kwikwi akipewa kidonge, akigugo akute "dawa ya vichaa", si ajabu akakitupa chooni kimyakimya kabla majirani hawajajua.

Anachotupa sio kidonge tu. Kwikwi ikipita saa 48 madaktari wanatafuta chanzo: asidi ya tumbo, figo, hata kiharusi. Ikifika hapo uzi unabaki kwenye paji, na mgonjwa anapakiwa bajaji kwenda Bombo.