Mlezi Asiye na Ujira

Tarikhi za nchi zimezoea kuwataja masultani na manahodha, wapelelezi wa mito na majemadari wa vita, lakini ni nadra mwandishi kukaa kitako akaandika habari za mtu ambaye, baada ya kumaliza kazi ya juma zima inayompa riziki, huitoa siku yake ya mapumziko kwa watoto wa watu wengine, akawafundisha mafundo ya kamba, kusoma ramani na kuwasha moto penye kuni mbichi, wala asipate kwa taabu hiyo hata thumni. Mtu huyo ndiye kiongozi wa skauti, na habari zake, ingawa hazijatimiza hata karne moja na nusu, zina mapinduo mengi kuliko wanavyodhani wale wanaomwona akipita barabarani na kaptula yake ya kaki, filimbi kifuani, na mlolongo wa wavulana nyuma yake.

Sisi watu wa mwambao hatukuwa wageni wa jambo lenyewe. Kumbini, watoto wa jando walikuwa na wakubwa wao waliolala nao, wakala nao, na kuwatia adabu za utu uzima. Na chuoni mwalimu aliwafunza watoto wa mtaa mzima. Walakini wakubwa hao walifungamana na mtoto kwa damu, kwa dini au kwa mila, na kila mzazi alijua amkabidhi nani mwanawe na kwa sababu gani. Lililoletwa na skauti lilikuwa dai la ajabu zaidi, nalo ni kwamba mtu mzima yeyote mwenye murua na nia safi, awe karani au mchuuzi, aweza kupewa watoto asio na nasaba nao, akawalea kwa muda wa saa chache kila juma, kisha akawarudisha kwao.

Dai hilo lilizaliwa Uingereza, na aliyelizaa, Robert Baden-Powell, alikuwa askari, si mlezi. Jina lake lilipata fahari kubwa katika Mafeking, mji mdogo wa Afrika Kusini uliozingirwa na Makaburu kwa siku 217, tangu Oktoba 1899 hata Mei 1900. Aliporejea kwao alikuta kijitabu alichokuwa amewaandikia askari juu ya upelelezi kinasomwa na wavulana na walimu wao. Na rafiki yake William Smith, aliyeasisi Boys' Brigade katika mji wa Glasgow mwaka 1883, akamhimiza aandike kitabu kingine kwa ajili ya vijana. Mwanajeshi huyo hakutaka kuandika asilolijaribu. Mwezi wa Agosti 1907 akachukua wavulana wapatao 20 mpaka kisiwa cha Brownsea, katika bandari ya Poole, akawagawa vikundi vinne, Mbwa-mwitu, Mafahali, Sululu na Kunguru, akawaamsha asubuhi kwa pembe ya tandala aliyoipata katika vita vya Wamatabele. Baadhi yao walikuwa wana wa matajiri kutoka shule kama Eton na Harrow, na wengine watoto wa mafundi na vibarua wa Poole na Bournemouth. Wa kwanza walilipa pauni moja, wa pili shilingi tatu na senti za Kiingereza sita, na wote wakalala katika mahema yale yale, jambo ambalo katika Uingereza ya zama hizo lilikuwa kubwa kuliko mafunzo yote waliyopewa.

Waliomsaidia katika kambi hiyo hawakuwa wataalamu wa malezi. Kenneth McLaren alikuwa sahibu yake wa jeshini, na Percy Everett alitoka katika nyumba ya uchapaji ya Pearson, iliyokuwa na hamu ya kukipiga chapa kitabu kinachokuja. Kwa hiyo viongozi wa mwanzo kabisa wa skauti walikuwa askari na mtu wa matbaa, nami naona si vibaya kulikumbuka hilo kila tunaposikia kwamba kazi hii haiwezekani ila kwa mwenye shahada.

Kitabu kilianza kutoka Januari 1908, vipande sita, kila majuma mawili kipande kimoja, na bei yake iliweza kufikiwa na mtoto mwenye senti chache. Mwandishi alikusudia kitumiwe na vyama vya vijana vilivyokwisha kuwako. Hakukusudia chama kipya. Lakini wavulana walikisoma, wakakata fimbo, wakajifanyia bendera, wakaunda vikundi vyao wenyewe bila ya kumwuliza mtu, na baada ya hapo ndipo wakaanza kutembea mitaani kumtafuta mtu mzima atakayekubali kuwa mkubwa wao. Mara nyingi mlezi ndiye anayemtafuta mtoto, na mtoto hukimbia. Hapa mtoto alibisha hodi kwa padre msaidizi, kwa mwalimu, kwa karani wa benki, akamwomba awe kiongozi wake, na wengi wa hao walikubali kabla hawajajua wamekubali nini. Ilipofika 1910, skauti wa Uingereza walikuwa wamepita laki moja, na haja ya viongozi ilikuwa kubwa kuliko viongozi wenyewe, kama ilivyo hata leo.

Walitakiwa wawe watu wa namna gani? Baden-Powell aliwaandikia viongozi kitabu mahsusi, kilichotoka baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na humo alieleza sifa za kiongozi kwa kukanusha kwanza: asiwe mwalimu wa darasani, wala kamanda wa askari, wala padre, wala mkufunzi wa ufundi, awe mfano wa kaka mkubwa, mtu mzima ambaye utoto haujamtoka moyoni, anayewaongoza wadogo zake kwa kwenda nao. Naomba msomaji aliweke akilini hili la kutokuwa mwalimu wa darasani, maana tutalirudia tukifika kwetu.

Kabla ya vita hivyo alikuwako kijana mmoja aliyeonyesha maana ya maneno hayo kuliko kitabu chochote. Roland Philipps, mtoto wa ukoo wa makabaila, aliyaacha maisha ya anasa akaenda kukaa na makundi ya skauti mashariki ya London, katika mitaa ya mafukara, akaandika kijitabu juu ya mfumo wa vikundi, akihimiza kwamba kiongozi mwema ni yule anayemwachia mvulana mwenziwe madaraka ya kweli. Aliuawa katika mapigano ya Somme mwezi wa Julai 1916, na katika wasia wake akawaachia skauti nyumba yake iliyoko Stepney Green. Wengi mfano wake walikufa, na pengo lao likazibwa na wanawake, ambao katika miaka hiyo ya vita waliongoza makundi yaliyoachwa bila mwenyewe. Na mwaka 1916 ilipoasisiwa tapo ya watoto wadogo, waliopewa hikaya za Kipling za mwituni kuwa mchezo wao, Vera Barclay alikuwa mmoja wa waliotia nguzo zake. Wale wanaosema kwamba skauti ilikuwa kazi ya wanaume peke yao hawakuisoma tarikhi yake.

Mpaka hapo kiongozi alikuwa na nia na kitabu, basi. Skuli hakuwa nayo. Mskochi tajiri, W. de Bois Maclaren, aliyesikitishwa na kuona watoto wa mashariki ya London hawana mahali pa kupiga hema, akatoa pauni 7,000 kulinunua shamba la Gilwell, pembezoni mwa msitu wa Epping, na Julai 1919 likafunguliwa rasmi. Mwezi wa Septemba mwaka huo mafunzo ya kwanza ya viongozi yakafanyika hapo chini ya Francis Gidney, na namna yake ilikuwa ya kipekee: watu wazima, miongoni mwao waliokuwa maofisa vitani, waligawanywa vikundi kama wavulana, wakapika chakula chao, wakaosha vyungu vyao, wakawatii viongozi wa vikundi vyao, ili kila mmoja arudi kwake akijua kwa mwili wake yale atakayomwamuru mtoto.

Ikabaki shida ya alama ya kuwapa waliofuzu. Baden-Powell akachukua mkufu mrefu wa shanga za mti aliokuja nao kutoka Zululand, akaukata, akatoa shanga mbili mbili zitungwe katika uzi wa ngozi. Shanga hizo husemwa zilikuwa za Dinuzulu, mfalme wa Wazulu, na husemwa pia kwamba zilipatikana mwaka 1888, wakati Waingereza walipokuwa wakimwandama mfalme huyo, ambaye baadaye walimhukumu na kumpeleka uhamishoni katika kisiwa cha St Helena. Hadithi ya kwamba zilikuwa hidaya haikukubaliwa na wote, wala mimi sioni wepesi wa kuamini kwamba mtu anayewindwa humtunukia mwindaji pambo la heshima yake. Kwa vyovyote vile, wema wa watu wengi mno, kutoka kila bara, umekuwa ukitambuliwa kwa nakala za pambo la Mwafrika aliyeshindwa, na wengi wanaolivaa hawajapata kusikia jina lake.

Huku kwetu skauti haikuchelewa. Kenya iliipata mwaka 1910, Unguja mwaka 1912, na Uganda ilianza 1915 kwa mkono wa Canon Grace, mmisionari aliyekuja baadaye kuwa mkuu wa King's College Budo. Tanganyika nayo ikafuata Wadachi walipokwisha kuondolewa. Katika makoloni chama hiki kilikutana na sharia yake chenyewe. Sharia ya nne humfanya skauti kuwa ndugu wa kila skauti mwenziwe, lakini serikali zilizotenga skuli, hospitali na mabehewa ya reli kwa rangi za watu hazikuwa tayari kuona undugu huo ukikaa mezani pamoja. Afrika Kusini ilikata shauri kwa kuwaundia Waafrika chama cha pembeni, Pathfinders, katika mwaka 1922, na wakuu wa London hawakulivunja shauri hilo. Afrika ya Mashariki haikufika huko kwa jina, ila wavulana wa Kizungu, wa Kihindi na wa Kiafrika aghalabu walikuwa na makundi yao mbalimbali, kwa kuwa skuli zao zilikuwa mbalimbali.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Katika Uingereza kundi lilikuwa la mtaa, na kiongozi alikuwa jirani. Katika nchi zetu kundi lilikuwa la skuli, na kiongozi alikuwa mwalimu. Sababu zake ni dhahiri. Nani mwingine aliyejua Kiingereza cha kusoma vitabu vya Gilwell, aliyekuwa na kiwanja, aliyewakuta wavulana pamoja saa ya alasiri, na aliyeaminiwa na wamisionari pamoja na maofisa wa elimu? Mtu wa bandarini au mkulima, hata akiwa na hekima ya kumbi kumi, hakuulizwa. Watawala nao walikuwa na hofu yao, kwani sare ya kaki ilifanana mno na sare ya serikali, na hawakupenda mtu asiye chini ya mamlaka yoyote akusanye vijana na kuwafundisha kutembea kwa safu. Mwalimu, ambaye mshahara wake ulitoka kwao au kwa misheni, alikuwa mdhamana wa kutosha. Hivyo yule ambaye Baden-Powell alisema asiwe, ndiye tuliyemfanya awe.

Taathira yake haikuwa mbaya yote. Mwalimu wa Kiafrika wa miaka ya 1930, ambaye darasani alifuata silabasi ya wengine na ofisini alisimama mbele ya mkaguzi wa Kizungu, alipofika kambini alikuwa mkuu kwelikweli, na wanafunzi waliomwogopa kwa fimbo yake wakamjua kwa kicheko chake. Lakini neno la kujitolea likapata ukungu. Mkuu wa skuli akimwambia mwalimu mgeni kwamba tangu leo skauti ni wako, je, huyo amejitolea, au ametolewa?

Mwanzilishi mwenyewe alikuja kumalizia uhai wake kati yetu. Eric Sherbrooke Walker, aliyewahi kuwa katibu wake na mmoja wa wakaguzi wa kwanza wa chama, alifungua hoteli ya Outspan mjini Nyeri mwaka 1928, baada ya kupata fedha kwa biashara isiyotajwa katika ahadi ya skauti, yaani kuingiza pombe ya magendo Marekani wakati ilipopigwa marufuku. Naye hakuona haya, aliandika kitabu juu yake, ijapokuwa kwa jina la kubuni. Katika ardhi ya hoteli hiyo Baden-Powell na mkewe Olave walijengewa nyumba ndogo, wakahamia mwaka 1938, wakaiita Paxtu kwa kuikumbuka nyumba yao ya Uingereza, Pax Hill. Baden-Powell alifariki humo tarehe 8 Januari 1941, akazikwa Nyeri, na juu ya kaburi lake pamechorwa duara lenye nukta katikati, alama ambayo skauti huiacha njiani kuwaarifu wanaomfuata kwamba amekwenda nyumbani.

Bendera zilipobadilika, wengi walitazamia chama hiki kiondoke na wenyewe. Unguja, baada ya Mapinduzi ya 1964, nafasi yake ilichukuliwa na Young Pioneers, waliotungwa kwa mfano wa nchi za kisoshalisti. Bara hakikuondoka. Tanganyika ilipokewa katika umoja wa skauti wa dunia mwaka 1963, na Nairobi ikawa mwenyeji wa mkutano wa dunia mwaka 1973, wa kwanza kufanyika Afrika. Nchini Kenya uongozi wa juu ulishikwa kwa miaka mingi na Jeremiah Nyagah, waziri aliyesoma Alliance na Makerere, ambaye kabla ya siasa alikuwa, kama msomaji amekwisha kubahatisha, mwalimu.

Na mwalimu ndiye bado. Udhaifu wa utaratibu huo unajulikana na kila aliyekaa karibu nao: ikija barua ya uhamisho, kundi la skuli anayoiacha hulegea mpaka hufa, na skuli anayohamia, ambayo jana haikuwa na skauti hata mmoja, baada ya muhula huwa na kundi lenye skafu na nyimbo. Jirani wa mtaani, wa namna ya yule karani wa benki aliyebishiwa hodi mwaka 1908, bado ni adimu, kwa kuwa hajaulizwa; wazazi wengi hudhani kazi hii imo ndani ya mshahara wa skuli. Anayetaka kujua ni nani kati ya walimu hao aliyekuwa na hiari tangu mwanzo, na awangoje wafikie miaka ya kupewa kiinua mgongo, siku ambayo hakuna mkuu wa skuli awezaye kuwaamuru, kisha aende kambini likizo ya Agosti, awatazame wazee waliokuja kwa nauli zao.