CHUNGU CHETU NA AKIBA YETU
Historia fupi ya mapishi ya gharama ndogo, Njombe na Makambako



Habari za hisa, mikopo na mgao wa miaka 10 ameziandika Katibu pamoja na Mweka Hazina. Mimi naandika habari za chungu cha jikoni. Hisa zetu hazikutoka benki. Zimetoka kwenye hela ya mafuta, ya nyanya na ya dagaa, ambayo mama ameibana mpaka ikabaki kidogo akaileta kikaoni. Na kubana huko hakukuanza na sisi.

Enzi za bibi zetu

Bibi zetu wa Ubena walipika ulezi, mahindi, maharage, njegere na maboga. Wakati wa ukoloni wanaume wengi walikwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro, na wengine walikaa huko miaka. Mama aliyebaki alilima, akatafuta kuni, na watoto walitakiwa wale. Hela ya mafuta ya kupikia aitoe wapi?

Majani ya maboga yaliungwa kwa mbegu za maboga hayo hayo. Unazikaanga kavu, unazitwanga kwenye kinu, unachekecha, unakoroga na maji kidogo, kisha unamimina kwenye mboga na kuacha moto mdogo mpaka rojo lishikane. Boga moja limetoa mboga na kiungo, na lenyewe likichemshwa watoto wanakula asubuhi. Hapo hujatoa hata senti tano.

Reli na lami

Reli ya TAZARA ilijengwa kuanzia 1970 hadi 1975, ikakabidhiwa rasmi 1976. Makambako ikawa stesheni na njia panda ya magari ya Dar es Salaam, Mbeya na Songea. Kutoka hapo hadi Njombe mjini ni kama kilomita 60, na miaka ya 1980 lami ikafika mpaka Songea. Mahindi, maharage na viazi vyetu vikapata soko mbali. Ni maendeleo, hatukatai. Lakini gunia likishapanda lori, hela yake si kila mara ilishikwa na yule aliyepalilia.

Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 ikaja dhiki. Sisi wa umri wangu tulikuwa watoto, tunakumbuka foleni za sukari, sabuni na mafuta. Mwaka 1984 serikali ilipolegeza uingizaji wa bidhaa kutoka nje, ndipo maduka yakaanza kujaa tena. Miaka ile mama aliyejua kutwanga mbegu za maboga alipumua kidogo kuliko yule aliyezoea mafuta ya duka.

Mizani ya watoto

Mwaka 1983 ulianza mpango wa lishe katika mkoa wa Iringa, na sisi Njombe wakati huo tulikuwa wilaya ya mkoa huo. Mpango uliungwa mkono na UNICEF na WHO, ukaanza na vijiji 168. Watoto wa chini ya miaka mitano walipimwa uzito kijijini, na wazazi wakakaa pamoja kujadili kwa nini mtoto huyu hakui. Jibu halikuwa kila mara kwamba chakula hakipo. Mara nyingi mama yuko shambani kutwa, na mtoto anakula mara mbili tu.

Ndipo kimea kilisisitizwa, kitu ambacho wazee walikuwa wanakijua. Ulezi unalowekwa, unaachwa uote, unaanikwa na kusagwa. Kijiko kimoja kikitiwa kwenye uji mzito kinaulegeza, unauchemsha tena kidogo, na mtoto anakunywa uji wenye unga wa kutosha bila kuongeza maji.

Jambo linalouma

Mkoa wa Njombe ulianzishwa 2012. Tunalisha miji kwa viazi na mahindi, na sasa parachichi zetu zinavuka bahari. Pamoja na hayo, utafiti wa kitaifa wa 2018 ulionyesha udumavu kwa watoto wetu wa chini ya miaka mitano ni asilimia 53.6, na ule wa 2022 ukaonyesha asilimia 50.4. Taifa zima mwaka huo lilikuwa asilimia 30. Yaani kati ya watoto wawili wa Njombe, mmoja ni mfupi kuliko umri wake, na udumavu unagusa hata akili ya kujifunza shuleni. Tumbo limeshiba ugali na viazi, lakini mwili haukupata vingine.

Hilo lilifika hata kwenye kikao chetu. Mwaka wetu wa kwanza, siku ya kufungua sanduku lenye kufuli tatu, kila mtu akisifia hisa, mwenzetu mmoja alisimama akauliza: "Mayai nimeuza yote ninunue hisa. Mtoto wangu amekula nini?" Kikao kilinyamaza. Wengine walisema hisa ni hisa, wengine wakamuunga mkono, na tulibishana mpaka jua likazama. Mwisho tulipitisha kwamba mwanachama anaweza kununua hisa moja badala ya tano bila kuchekwa, lakini hisa isitoke kwenye sahani ya mtoto. Akiba haiozi, ni kweli, ila utoto wa mtoto haurudi.

Tulivyofundishana

Tangu hapo kila kikao kina dakika za jiko. Machache ni haya:

Maharage na mahindi ya makande yalowekwe usiku. Huku kwetu juu, karibu mita 2,000, maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, kwa hiyo maharage makavu yanamaliza kuni.

Dagaa wa Nyasa waoshwe kwa maji ya moto, wakaangwe kavu, ndipo nyanya na kitunguu. Kiasi kidogo kinatosha kuipa ladha sufuria nzima ya mboga. Wa mtoto watwangwe.

Njegere zipikwe pamoja na viazi, viazi visiende peke yake mezani.

Parachichi iliyokataliwa na mnunuzi kwa kuwa ndogo au ina doa, iliwe nyumbani. Mtoto hajali doa. Ukiiponda na chumvi kidogo, ugali unashuka bila mafuta.

Mama mwenye kuku watano asiuze mayai yote. Aanze kutoa ya watoto, yanayobaki ndiyo ya soko.

Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba chenyewe kilikuwa kipimo cha nafaka. Waliosema hivyo walikuwa wanapima chakula. Ndugu zangu, tunapoingia mwaka wa 11, naomba kila mwanachama mwenye mtoto mdogo ampeleke kliniki apimwe urefu pamoja na uzito, na kadi aje nayo kikaoni kama anavyokuja na kitabu cha hisa. Tutavisoma vyote viwili.



Mwenyekiti wenu