Ardhi kwa Ardhi: Sheria ya Rizavu na Dhahabu ya Kakamega

Mtu aondolewapo juu ya ardhi yake ili mali iliyo chini yake ichimbwe, swali la kwanza huwa ni la malipo. Swali hilo lina majibu mawili ya kale. La kwanza ni kwamba apewe ardhi nyingine iliyo sawa na ile aliyoiacha. La pili ni kwamba apewe fedha, kisha ajitafutie mwenyewe pa kukaa na pa kulima. Katika daftari la hesabu majibu haya hufanana, maana kila shamba laweza kutiwa bei. Katika maisha ya watu hutofautiana sana. Tofauti hiyo ilidhihirika katika wilaya ya Kavirondo ya Kaskazini, nchini Kenya, baina ya mwaka 1930 na mwaka 1934. Huko serikali moja iliyatoa majibu yote mawili, moja baada ya jingine, katika muda usiotimia miaka mitatu.

Ili jambo hili lifahamike yapasa kutazama hali ya ardhi ilivyokuwa kabla yake. Sheria ya Ardhi ya Mfalme ya mwaka 1915 ilihesabu ardhi waliyoikalia Waafrika kuwa sehemu ya ardhi ya Mfalme wa Uingereza. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 Mahakama Kuu ya koloni iliifasiri sheria hiyo kwa maana kwamba mwenyeji juu ya ardhi ya babu zake alikuwa mpangaji tu, akaaye kwa radhi ya mwenye enzi. Mwaka 1926 mipaka ya rizavu, yaani maeneo yaliyotengwa kwa ajili ya makabila, ilitangazwa rasmi. Walakini mpaka uliotangazwa na mtawala waweza kutanguliwa na mtawala, na watu walilifahamu hilo vema. Hofu ya kunyang'anywa ardhi ilikuwa imeenea katika mikutano ya wazee, katika makanisa na katika vyama vipya vya vijana waliosoma.

Sheria ya Amana ya Ardhi za Wenyeji ya mwaka 1930 ilitungwa ili kuiondoa hofu hiyo. Ilitamka kwamba ardhi za rizavu zimewekwa kwa manufaa ya makabila milele. Neno milele halina kawaida ya kuandikwa katika sheria, kwani watunga sheria hujua kuwa wajao baada yao watataka kubadili. Kuandikwa kwake hapa kulikuwa ahadi iliyokusudiwa kusikiwa na watu. Wala haikuachwa bila ya kinga. Ikiwa sehemu ya rizavu itahitajiwa kwa kazi ya umma, ilipasa ardhi nyingine itolewe badala yake, iliyo sawa kwa ukubwa na, kadiri iwezekanavyo, kwa thamani. Tena Baraza la Wenyeji la mahali lilipasa kuarifiwa na kusikilizwa kabla jambo halijakamilika. Kwa ufupi, sheria ilisema mambo mawili: ardhi hulipwa kwa ardhi, na mwenyewe huulizwa kwanza.

Mwaka uliofuata, 1931, mlowezi mmoja Mmarekani, L. A. Johnson, alipata dhahabu karibu na Kakamega. Wakati ule ulikuwa mbaya kwa walowezi. Mporomoko wa biashara ya dunia ulioanza mwaka 1929 ulikuwa umeshusha bei ya mahindi na kahawa, nzige walikuwa wameharibu mazao, na wakulima wengi walikuwa na madeni katika benki. Dhahabu peke yake ilipanda bei wakati vitu vingine vikishuka, hasa baada ya Uingereza kuacha kuifungamanisha fedha yake na dhahabu mnamo Septemba 1931. Si ajabu basi kwamba mamia ya Wazungu walifunga safari kwenda Kakamega na mahema yao, sururu na karai, wengine wakiwa wameacha mashamba yaliyokwisha kuwashinda. Serikali nayo, ambayo hazina yake ilikuwa tupu, iliiona dhahabu kuwa dawa.

Lakini ardhi ile haikuwa pori. Isukha, Idakho na nchi zilizopakana nazo zilikuwa na mashamba yaliyoungana, nyumba karibu karibu, mtama na mahindi hadi kando ya mito. Kusini yake, Maragoli na Bunyore zilikuwa miongoni mwa sehemu zenye watu wengi kupita zote katika koloni. Sheria ilidai ardhi ya badala, na katika rizavu hiyo ardhi tupu yenye kufaa haikuwepo. Kama ardhi sawa ingalitafutwa kwa kweli, ingalilazimu kutazama nje ya rizavu, katika nyanda za juu zilizokwisha kutengwa kwa walowezi. Hapo ndipo ilipokuwa shida yenyewe. Ahadi ya mwaka 1930 ingeweza kutimizwa. Lakini kutimizwa kwake kungalimgharimu mtu mwingine, na mtu huyo alikuwa na sauti katika serikali.

Mnamo Desemba 1932, siku chache kabla ya Krismasi, muswada wa kuirekebisha sheria uliletwa katika Baraza la Kutunga Sheria mjini Nairobi, ukapitishwa kwa haraka. Marekebisho hayo yaliruhusu ardhi itolewe katika rizavu kwa ajili ya machimbo pasipo kuongezwa ardhi nyingine mahali pake. Fidia ingelipwa kwa fedha. Tena halikuwa sharti tena kulipelekea Baraza la Wenyeji habari kabla ya kutenda. Nguzo zote mbili za sheria ya mwaka 1930 ziling'olewa pamoja. Katika baraza lililozing'oa hapakuwamo Mwafrika hata mmoja. Wa kwanza, Eliud Mathu, aliingia mwaka 1944.

Insafu yataka hoja za upande wa serikali zisikilizwe. Watetezi wa marekebisho walisema kwamba ardhi ingetolewa kwa muda tu, na mgodi ukiisha ingerudi kwa wenyewe. Kwamba watakaohamishwa wangekuwa wachache, na wangepata nafasi miongoni mwa jamaa zao. Kwamba utajiri wa machimbo ungewafikia wenyeji kwa mishahara na kwa soko la vyakula. Hoja hizi hazikuwa za uwongo mtupu. Maelfu ya vijana walipata kazi ya mshahara karibu na kwao, na wanawake waliuza unga na ndizi kwa wachimbaji. Walakini kila hoja ilikuwa na upande wake wa pili ambao watetezi hawakuutazama.

Kwanza ni ile ya muda. Mgodi hauna tarehe ya kufa ijulikanayo siku ya kuzaliwa. Mgodi wa Rosterman, uliokuwa mkubwa kupita yote katika Kakamega, ulifungwa mwaka 1952. Miaka ishirini ni kitambo kidogo kwa serikali; kwa mkulima ni umri wa mtoto kuzaliwa, kukua na kutaka shamba la kuoa. Tena ardhi iliyochimbwa mashimo na kufunikwa kwa mawe yaliyosagwa hairudi kama ilivyokwenda.

Pili ni ile ya jamaa. Katika nchi hiyo ardhi ilikuwa ya ukoo, na haki ya mtu katika ardhi ilitokana na nasaba yake. Mgeni aliweza kukaribishwa na kulima, lakini alilima kwa hisani. Wamaragoli humwita mtu wa namna hiyo omumenya, na wengi wao avamenya. Huyo ana chakula na ana nyumba, ila hana neno la mwisho juu ya ardhi anayoilima. Aliyehamishwa na kuambiwa atafute nafasi kwa watu wengine aliondoka kwao akiwa mwenyeji, akafika aendako akiwa mkaribishwa. Hasara hiyo haikuweza kuonekana katika orodha ya fidia, maana orodha huhesabu vibanda, miti na mazao yaliyo shambani. Daraja ya mtu miongoni mwa watu haina safu yake.

Tatu ni ile ya fedha yenyewe. Fedha ni badala njema ya kitu kinachouzwa sokoni, kwa kuwa mwenye fedha aweza kukinunua kingine. Katika rizavu ya Kavirondo mwaka 1932 soko la ardhi la namna hiyo halikuwapo, na nje ya rizavu, katika nyanda zilizotengwa kwa Wazungu, Mwafrika hakuruhusiwa kununua. Kumpa mtu fedha mahali ambapo ardhi hainunuliki ni kumpa ufunguo usio na mlango. Fedha ilikwenda katika kodi, nguo, mahari na chakula cha msimu mmoja. Shamba lingalilisha msimu baada ya msimu.

Habari za sheria hiyo zilipofika Uingereza ziliamsha lawama kubwa. Bungeni na katika magazeti ya London mwanzoni mwa mwaka 1933 walisikika watu ambao si kawaida yao kuishambulia dola: Askofu Mkuu wa Canterbury alikuwa mmoja wao, na Lord Lugard, aliyekuwa mmoja wa wajenzi wakuu wa utawala wa Kiingereza katika Afrika, alikuwa mwingine. Katika Nyanza yenyewe Archdeacon W. E. Owen wa misheni ya Kianglikana alikuwa miongoni mwa waliopaza sauti. Lawama yao haikuwa juu ya dhahabu, bali juu ya ahadi. Walisema kwamba serikali iliyofuta neno milele kabla ya mwaka wa tatu haitaaminiwa tena itakaposema neno jingine lolote. Waziri wa Makoloni, Sir Philip Cunliffe-Lister, aliitetea serikali ya Gavana Sir Joseph Byrne, na marekebisho yakabaki. Tume ya Ardhi ya Kenya iliyoongozwa na Sir Morris Carter, ambayo ilikuwa imeteuliwa mwaka 1932, ilitoa taarifa yake mwaka 1934, na mwaka 1938 sheria mpya ya amana ya ardhi ikaichukua nafasi ya ile ya mwaka 1930.

Dhahabu ya Kakamega haikufikia ndoto za walioikimbilia, na waliohamishwa hawakuwa wengi kama ilivyohofiwa. Kwa sababu hiyo baadhi ya wasomaji wa historia hulipita jambo hili kama kelele iliyokwisha. Hao husahau madhara yasiyopimwa kwa eka. Katika miaka hiyo ya 1930 kiliundwa chama cha North Kavirondo Central Association, na hofu ya ardhi ikawa chakula chake. Chama hicho kilishiriki sana kulieneza jina la Abaluyia, ambalo makabila mengi ya wilaya hiyo yalilikubali liwe jina lao la pamoja. Hivyo shaka juu ya ardhi ilisaidia kuwapa umoja watu ambao zamani kila mmoja alijitaja kwa nchi yake. Shaka hiyo hiyo iliwafuata maofisa wa kilimo. Walipoleta kazi ya kuzuia mmomonyoko wa udongo mwishoni mwa miaka ya 1930, wako watu waliokataa wakiamini kwamba shamba likitengenezwa vizuri litatwaliwa.

Baada ya uhuru njia ya fedha ndiyo iliyofuatwa aghalabu katika Afrika Mashariki, kwa migodi, mabwawa na mashamba makubwa. Walakini jibu la kwanza lilirudi kwa mlango mwingine. Mwaka 1980 Benki ya Dunia ilitoa sera yake ya kwanza juu ya watu wanaohamishwa kwa miradi inayoikopesha, na maagizo yake ya mwaka 1990 yakapendelea kwamba waliokuwa wakiishi kwa kilimo wapewe ardhi. Mtaalamu wake Michael Cernea, aliyekusanya mifano kutoka nchi nyingi, alionyesha hatari nane zimpatazo mtu aliyehamishwa: kukosa ardhi, kukosa kazi, kukosa makao, kusukumwa pembeni katika jamii, njaa, maradhi, kupotewa na mali za pamoja, na kuvunjika kwa udugu wa mahali. Ardhi imetajwa ya kwanza, na kusukumwa pembeni ni ile ile hali ya omumenya kwa jina jingine. Wataalamu walifika kwa utafiti mrefu mahali ambapo sheria ya Kenya ya mwaka 1930 ilikuwa imekwisha kusimama, kisha ikaondoka.

Katika miaka ya 2020 mambo haya yametoka katika makaratasi ya kale. Upimaji wa dhahabu umerudi Kakamega, na machimbo mapya yamekusudiwa huko Isulu na Bushiangala, katika nchi ile ile ya Idakho. Kwa ajili hiyo suala la kuwahamisha wakazi limerudi pia. Hali si ile ya mwaka 1932. Wakazi ni raia wenye kura na wabunge, na Katiba ya mwaka 2010 yaamuru fidia ya haki ilipwe kwa ukamilifu na bila kukawia. Walakini watu ni wengi zaidi na mashamba ni madogo zaidi, hata shida ya kupata ardhi iliyo sawa imezidi. Kwa hiyo maswali mawili ya sheria ya mwaka 1930 yangali ndiyo kipimo cha kila makubaliano: je, mwenyewe aliulizwa kabla jambo halijakatwa, na je, siku atakapoondoka, pana mahali pa kulima panapomngoja ambapo hatakuwa mgeni? Pale majibu yote mawili yanapokuwa ndiyo, uhamisho waweza kuwa mwanzo wa maisha mapya. Pale yanapokuwa siyo, kiasi cha fedha hupunguza uchungu tu, na historia ya Kakamega yaonyesha kwamba shaka ipandwayo siku hiyo huvunwa na serikali zijazo, katika mambo yasiyohusiana kabisa na dhahabu.